Mkate Wenye Harufu ya Nta

Poienița, 14 Oktoba 2001

Mwanangu Olimpia,

Natumai huko Italia hujambo na yule bibi unayemtunza naye hajambo. Mimi sijambo, isipokuwa goti. Ng'ombe wetu Joiana ana mimba. Viazi tumevichimba kabla ya barafu. Binti wa jirani yetu Aurica ameolewa, harusi siku mbili nzima, nyama yenyewe ya kutafuta kwa darubini.

Sasa kaa chini kwanza.

Baba yako yuko hospitali ya mjini tangu Jumanne. Daktari aliniita pembeni kwenye korido, akatazama viatu vyangu, akaniambia ni saratani ya kongosho na imeshasambaa. Kumpasua ni kumtesa bure. Ana miezi, alisema, si mingi. Nikamuuliza kama mgonjwa mwenyewe ameambiwa. Akanijibu, "Mama, hayo ni ya familia." Mama yako hayupo tena, wewe uko mbali, kwa hiyo familia ni mimi. Nimemwambia mdogo wangu Gavril kwamba ni vidonda vya tumbo, na nimewaambia manesi wote vidonda vya tumbo. Wewe pia, ukimwandikia, ni vidonda vya tumbo.

Na usije. Najua utataka kuja. Lakini mwaka wa tatu huu hujakanyaga hapa, hata Krismasi hukuja. Ukitokea mlangoni leo, Gavril atajua papo hapo. Nani anafunga safari kutoka Italia kwa sababu ya vidonda vya tumbo?

Kitu kimoja kinaninyima raha. Hapo wodini kuna mwanamke anaitwa Bi Malvina. Si nesi, si daktari, hana sindano wala kipimo. Wanasema kazi yake ni kukaa na wagonjwa waliozidiwa na kuzungumza na jamaa zao. Kazi gani hiyo? Mtu analipwa mshahara kwa kukaa? Anatembea na daftari la jalada jekundu, na akiingia kwa baba yako anafunga mlango. Jana nilimkuta ameshika mkono wake. Alipotoka akaniuliza, "Na wewe, Mama Saveta, unalala?" Nikamjibu nalala vizuri sana. Inamhusu nini?

Mshumaa wa kumwashia mkononi dakika ya mwisho ninao. Nauweka kwenye mfuko, nimeufunga na taulo la bluu, chini ya mkate, asiuone. Unajua kwa nini sitoki bila huo mshumaa. Babu yako alipokuwa anakata roho nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyeachwa naye. Akaomba maji. Nikaenda kisimani, nikarudi, ameshaondoka, mkono mtupu, hakuna mwanga wa kumtangulia. Ameingia gizani kama ng'ombe. Kijiji kilinisema mpaka mama alipozeeka. Halinitokei tena hilo.

Simu usipige. Simu iko kwa Aurica, na ukimwambia Aurica umetangazia kanisa zima. Toader ndiye atakayekuletea barua kwa basi lake. Nimeiziba kwa nta. Ukikuta nta imepasuka, ujue ameisoma.

Shangazi yako,
Saveta

*

Ferrara, 2 Novemba 2001

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Huku ukungu mtupu, siku ya nne hatujaona upande wa pili wa barabara. Bibi yangu, Signora Ines, anakohoa lakini anakula. Nta niliikuta imepasuka upande mmoja. Toader anaapa kwamba mzigo wa soseji uliiangukia.

Nimelia, sitakuficha. Nimelia bafuni, maji yakiwa yanatiririka, kwa sababu huku mtu wa kazi halii mbele ya wenye nyumba.

Nakubaliana na wewe. Sitakuja. Ni kweli, nikija atajua. Isitoshe mambo ya kazi hayaniruhusu sasa hivi. Nimeweka humu barua yake, msomee. Nimemwandikia kuhusu vidonda vya tumbo, aache siki na pilipili, na nimeweka kichekesho cha padri na mbuzi.

Huyo Malvina simpendi hata kabla sijamwona. Mtu akifunga mlango ana la kuficha. Muulize nani amemtuma. Muulize anaandika nini. Na kaa humo ndani, Shangazi, usimpe nafasi. Akimwambia baba neno lile, baba atageukia ukutani na kuacha kula, kama alivyofanya mjomba Ilarion. Wiki mbili tu.

Nakubusu mkono,
Olimpia

*

Poienița, 18 Novemba 2001

Mwanangu,

Mzima? Mimi mzima. Theluji imeanza, bomba la uani limeganda, Aurica ameteleza akavunja kifundo cha mkono na sasa anasengenya kwa mkono mmoja. Joiana anakula kuliko sisi wote.

Baba yako alifurahia kichekesho cha mbuzi. Alinifanya nimsomee mara mbili. Amekonda. Mashavu yameingia ndani. Namwambia, "Vidonda vinakausha mwili, ndivyo vilivyo." Naye ananitazama, anasema, "Ndiyo, dada, vidonda vibaya sana." Kisha anauliza kuhusu Joiana.

Sasa sikiliza. Alhamisi nilifika mapema. Mlango umefungwa. Nikasimama karibu, sikusogea sana, sikio tu ndilo lililosogea. Nikasikia baba yako anacheka. Gavril huyu, ambaye hajacheka vile tangu mazishi ya mama yako! Nikaingia bila kubisha hodi.

"Mnacheka nini?" nikauliza.

"Siasa," akasema baba yako.

Siasa. Baba yako hajapiga kura tangu mwaka tisini. Machale yakanicheza hapo hapo. Nikamfuata yule mwanamke koridoni.

"Mama Malvina, wewe ni mlokole?"

"Mimi ni wa kanisa lenu lenu, Mama Saveta."

"Mbona sijakuona ukipiga ishara ya msalaba mbele ya ile picha takatifu pale?"

"Nimeshika chai."

Kweli alikuwa ameshika chai, lakini mtu anaweza kuiweka chini. Nikamwambia nimemkataza kumwambia mdogo wangu chochote. Akasema, "Sijamwambia chochote." Alisema taratibu mno. Mtu mkweli hasemi taratibu hivyo. Kisha eti ananiuliza, "Mshumaa unao?" Olimpia, nikaubana mfuko kwapani. Nani amemwambia habari za mshumaa? Nikamwambia sina mshumaa wowote. Nadhani ananipekua mfuko ninapokwenda msalani. Moto wodini hauruhusiwi kwa sababu ya mitungi ya oksijeni, kwa hiyo pengine kazi yake hasa ni hiyo, kuwapeleleza wenye mishumaa.

Na wewe pia nina neno na wewe. Ulikubali kutokuja haraka mno. Nilijiandaa kugombana na wewe kwa barua tatu, wewe umekubali kwa mstari mmoja. "Mambo ya kazi." Kuna mwanamume? Kama yupo sema. Kama ana mke, usiseme.

Saveta

*

Ferrara, 9 Desemba 2001

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imekaa wiki mbili kwa Toader, anadai alizuiliwa mpakani Hungaria. Hapa sote wazima, ila Signora Ines sasa hatoki kitandani.

Hakuna mwanamume. Nashangaa unaniwaza hivyo. Nafanya kazi siku sita na nusu kwa wiki, huyo mwanamume ningemweka wapi?

Huyo Malvina tafuta daftari lake. Ukipata nafasi, lifungue. Najua si adabu. Lifungue.

Baba anaendeleaje kweli? Usiniandikie amekonda. Amekonda ni neno la watoto. Anatembea? Anafika chooni mwenyewe?

Nitakuambia kitu, kisha tusikirudie. Hapa nako watoto wa Signora wamenipa amri, mama yao asiambiwe. Mwanawe mkubwa alinisimamisha jikoni, kidole juu, akaniambia ni kibofu tu kinamsumbua. Nami nasema kibofu kila siku. Jana nilikuwa namsugua miguu, sisemi kitu, akaniambia, "Olimpia, leo ni wewe peke yako hujanidanganya. Maana hujafungua mdomo." Nikaendelea kusugua. Sikupata usingizi vizuri.

Olimpia

*

Poienița, 27 Desemba 2001

Mwanangu Olimpia,

Heri ya Krismasi, ingawa imepita. Nguruwe tulimchinja tarehe ishirini, soseji nimempa Toader akuletee, zihesabu, ziko kumi na mbili. Vijana wa kuimba nyimbo za Krismasi walifika mpaka wodini na mavazi ya mbuzi na kengele. Manesi walijifanya wakali. Baba yako aliomba waimbe tena.

Umeuliza, nakujibu. Hafiki chooni mwenyewe. Chakula ni vijiko vitatu vya uji wa mahindi na maziwa, basi. Mchana anavuta hewa ya oksijeni kwa muda wa saa mbili tatu. Hajanililia hata siku moja wala hajaniuliza siku moja kwa nini vidonda vya tumbo haviponi. Mwanamume anayelalamika shati likikosa kifungo! Hilo nalo linanitia shaka.

Daftari nimelifungua.

Aliliacha kwenye kiti alipoitwa chumba cha nne, kulikuwa na mtu amefiwa analia. Nilikuwa na dakika mbili. Nimeona majina, ya wagonjwa na ya jamaa zao. Ukurasa wa baba yako umeandikwa umejaa, lakini mwandiko wa yule mama ni wa kuku, sikuambulia. Mstari mmoja tu ulikuwa wa herufi kubwa, na chini yake amepigia mistari miwili. SAVETA. ALHAMISI.

Sasa niambie. Jina langu linafanya nini humo? Mimi si mgonjwa. Alhamisi gani? Nimewaza yote. Labda anataka nyumba, kwa kuwa nyumba ni yangu na Gavril na mimi sina mtoto. Labda wananipeleka kwa wale madaktari wa akili kwa sababu ya kuingia bila hodi. Alhamisi iliyofuata sikwenda kabisa mpaka jioni, nikasema Joiana anaumwa. Nilipofika baba yako akaniuliza, "Dada, unamkimbia nani?" Nikasema simkimbii mtu.

Baba yako ana jambo na yule mwanamke, Olimpia. Wananizunguka wote wawili.

Saveta

*

Ferrara, 13 Januari 2002

Shangazi,

Shikamoo. Soseji zimefika tisa. Mwambie Toader nimezihesabu.

Signora Ines amefariki tarehe nne. Alikuwa ameshika kidole changu gumba. Watoto wake walikuwa sebuleni wanabishana kama waite padri, wakihofia kwamba akimwona padri atajua.

Shangazi, mimi nilikudanganya. Nilikubali upesi kwa sababu ulinipa kisingizio nilichokuwa nakitafuta. Sina karatasi. Karatasi nilizomwonyesha baba kwenye picha ni za Mariana tunayelala naye chumba kimoja. Tangu nimekuja niko hapa bila kibali. Nikivuka mpaka kurudi nyumbani wananigongea muhuri, na miaka mitano siingii tena. Wanasema mwaka huu serikali itatoa vibali kwa sisi watunza wazee. Anayeondoka sasa amepoteza yote.

Kwa hiyo si kwamba nikija baba atajua. Ni kwamba nikija siwezi kurudi. Nimekaa miezi mitatu nimejificha nyuma ya vidonda vya tumbo, na nimemshika kidole mama wa watu mpaka mwisho ilhali baba yangu hajui hata nalala wapi. Najichukia.

Usimwambie. Alijivunia sana zile karatasi.

Olimpia

*

Poienița, 3 Februari 2002

Mwanangu,

Nimesoma barua yako jikoni, nimesimama. Sikugombezi. Nahitaji kukusanya akili, kwa hiyo leo sianzi kwa habari za hali ya hewa. Joiana amezaa, ndama jike, basi.

Amezaa Jumatano alfajiri na nikashinda zizini. Nilipokumbuka saa, basi la mjini lilikuwa linaondoka. Nikakimbia na gumboti zangu, mikono mitupu. Mfuko nikausahau mezani.

Nimeingia, Gavril ananitazama mikono. Bi Malvina amekaa hapo na daftari lake. Gavril akasema, "Dada, leo umesahau mshumaa."

"Mshumaa gani?"

"Ule wa taulo la bluu."

Nikamwambia homa imempanda. Akasema, "Saveta, tangu Oktoba unanilisha mkate wenye harufu ya nta. Miezi minne. Natafuna mshumaa, nasema ahsante dada, mkate mtamu."

Nikakaa kitandani na gumboti zangu za mavi ya ng'ombe. Nikamuuliza amejua lini. Akasema siku ya pili. Alimuuliza daktari, daktari akatazama viatu vyake. Wodi nzima inajua kwamba huyu daktari akitazama viatu mambo yameisha.

Nikamgeukia yule mwanamke, nikamwambia, "Wewe uliniambia hukumwambia kitu." Akasema, "Sikumwambia. Yeye ndiye aliyeniambia." Kumbe Gavril alimwomba msaada wa kunificha mimi kwamba anajua. Alhamisi zote hizo mlango umefungwa, Olimpia, ndugu yangu alikuwa anajifunza kujifanya hajui! Walikuwa wanafanya mazoezi. Bi Malvina anajifanya mimi, anasema, "Vidonda vinakausha mwili," na yeye anajibu bila kucheka. Ile siku niliyowakuta, alikuwa ameshindwa. "Kama angejua najua," Gavril akasema, "angelia mbele yangu, na mimi kilio cha Saveta sikiwezi."

Nikalia mbele yake. Akakiweza.

Nikauliza habari ya jina langu. Bi Malvina akamtazama yeye, yeye akaitikia kwa kichwa. Gavril alimwomba kwamba mambo yakiisha, aje kwetu kila Alhamisi kunywa chai na mimi, kwa sababu sina mtu, na kwa sababu mwenyewe nisingemwomba. Hicho ndicho kilichokuwa kwenye daftari. Nilimtukana yule mama moyoni miezi minne, naye alikuwa amenipangia chai.

Sasa lako. Karatasi zako anazijua. Toader alimwambia kiangazi kilichopita, mdomo wa Toader hauzibiki hata kwa nta. Kwa hiyo naye alikuwa anashikilia vidonda vya tumbo kwa ajili yako, ili usiwe na sababu ya kuondoka. Mimi nilikuwa nakukataza ili asijue, yeye anajifanya hajui ili usije, wewe unakubali ili usipoteze kibali. Watu watatu tumeshika uongo mmoja, kila mmoja anadhani ni wake.

Ameniapisha nisikuandikie haya, nikaapa, mkono kwenye picha ya Mama wa Mungu. Kwa barua hii nimekivunja kiapo, nitaungama Pasaka. Anasema usije. Mimi sisemi uje, wala sisemi usije. Miaka mitano ni yako, si yangu. Nasema tu kwamba kila gari likipiga breki nje ya dirisha anageuza kichwa.

Shangazi yako,
Saveta

*

TELEGRAMU. Ferrara, 14 Februari 2002

NAONDOKA NA TOADER JUMAMOSI. NAFIKA JUMATATU. USIMWAMBIE. HAPANA. MWAMBIE.
OLIMPIA

*

Hospitalini, 18 Februari 2002

Mwanangu Olimpia,

Anayekukabidhi barua hii hapo kituoni ni Bi Malvina. Ni yule mwembamba mwenye kofia ya kijivu. Mwamini. Mimi ningekuja mwenyewe lakini siondoki hapa chumbani, na sababu unaijua.

Soma ukitembea, njia ni fupi. Yu hai. Tangu jana hasemi sana, ila anasikia kila kitu. Nilimwambia unakuja, akasema, "Mjinga kama baba yake." Baadaye akaomba anyolewe ndevu. Nesi alimnyoa. Amekatwa kidogo kidevuni, usishtuke.

Usimwambie anaonekana vizuri. Usitaje vidonda vya tumbo. Usiniletee kilio mlangoni, kilete ndani, ataweza, mimi nimeshamjaribu. Akikuuliza habari ya muhuri, mwonyeshe muhuri.

Kuhusu oksijeni, Bi Malvina ameshazungumza na daktari. Ukiwadia wakati, mtungi utafungwa na kutolewa nje, dirisha litafunguliwa, na tutaruhusiwa moto. Mshumaa uko juu ya kabati, wazi, bila taulo. Kiberiti kiko kando yake. Utaushika wewe pamoja naye, wewe ndiye mtoto wake. Mkono wake wa kulia hauna nguvu, uwekee wako chini.

Tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa sijawahi kumwacha mgonjwa wetu yeyote chumbani nikatoka. Hata mama yako nilimlalia miguuni. Leo ukiingia mimi nitatoka. Nimemwambia Bi Malvina, akasema atakaa nami kwenye benchi, na kama nataka maji atayaleta yeye.

Una mengi ya kumwambia, na mengine si ya masikio yangu. Ingia, mwanangu, ufunge mlango.

Saveta